Nyumba Iliyouzwa Siku za Marehemu

Vatsala Nerurkar hakuwahi kununua nyumba maishani mwake, lakini katika mji mzima wa Badlapur hapakuwa na mtu aliyejua kama yeye namna ya kutonunua.

Katika behewa la wanawake la treni ya saa moja na dakika kumi na nne, ile inayoanzia Badlapur kwenda Mumbai, walimwita Mkaguzi. Mwenzao yeyote aliyetaka kununua fleti alimpitia nyumbani Jumapili, wakaenda pamoja kuiona. Vatsala alitoka na mwavuli wake mweusi hata siku ya jua kali. Kwa ncha ya mwavuli huo aligonga vigae vya sakafu kimoja kimoja, ameinamisha kichwa anasikiliza. Kigae kilicholazwa kwenye saruji ya kutosha hutoa sauti kavu. Kilichoegeshwa tu hulia kama kibuyu. Alinusa kuta za bafu. Alipitisha kidole kwenye rangi, na akikuta imepakwa upya mpaka kifuani tu, aliuliza maji ya mto Ulhas yaliingia lini. Dalali akisema fleti iko dakika saba kutoka stesheni, Vatsala alitazama saa yake ya mkononi.

"Twende basi, kaka. Wewe tangulia, mimi nahesabu."

Dakika saba za madalali zilikuwa kumi na tisa, na hapo hujabeba mfuko wa mboga.

"Mama, kuna watu wanatembea haraka," dalali mmoja alijitetea, jasho linamtoka.

"Wapi hao? Wanaokimbizwa na mbwa?"

Kwa namna hiyo aliwakataza nyumba watu kumi na mmoja. Wanne walikuwa wakimshukuru bado, na walikuwa na haki ya kumshukuru. Saba waliobaki walinyamaza. Nyumba walizozikataa kwa laki kumi na nane sasa zilikuwa laki thelathini, na wao walikuwa bado wapangaji, kila mkataba ukiisha wanasogezwa mbele zaidi kwenye reli, mbali na Mumbai: kutoka Dombivli kwenda Ambernath, kutoka Ambernath kwenda Badlapur, na sasa wengine Vangani, ambako treni ni chache na ukikosa moja umekosa nusu ya asubuhi. Bei za nyumba kwenye reli ile hazikumngoja mtu amalize kugonga vigae.

Lakini Vatsala hakuzaliwa hivyo. Alipokuwa na miaka thelathini na moja, yeye na mumewe Prabhakar walikuwa wepesi wa kuamini kama watu wengine. Walimpa mjenzi mmoja akiba yao yote kwa ajili ya fleti iliyokuwa bado picha kwenye karatasi inayong'aa. Katika picha ile palikuwa na bustani na mtoto anayeendesha baiskeli. Mjenzi alichimba shimo, shimo likajaa maji ya mvua, na mjenzi akahama mji. Miaka miwili baadaye Prabhakar alikufa kwa ugonjwa wa moyo, na mpaka siku ya mwisho alikuwa na ile picha ndani ya mkoba wake. Mjane akabaki na mama yake mzazi, na kazi yake ya karani wa kumbukumbu za wagonjwa katika hospitali moja ya umma huko Mumbai. Ikabaki pia kanuni moja: anayekusifia kitu anataka kukiondoa mkononi mwake.

Sasa alikuwa na miaka hamsini na minne. Kwa miaka kumi na minne alikuwa amepanga fleti moja, chumba na sebule, ghorofa ya kwanza ya jengo lililoitwa Gajanan Kripa. Mama yake, Indirabai, alikuwa na themanini na moja, na magoti yake yalijua ngazi zile na hayakutaka kujifunza nyingine. Benki ilikuwa imeshamwambia Vatsala wazi: mwaka huu anaweza kukopa; akifika hamsini na tano, asijisumbue kujaza fomu. Kwa hiyo ama anunue mwaka huu, ama amalizie uzee wake nyumba za watu, akisogezwa stesheni kwa stesheni na bibi kizee mgongoni.

Hapo ndipo alipotokea mwenye fleti.

Sikukuu ya Ganpati ilikuwa imekwisha, sanamu zimeshazamishwa mtoni, na mji umeingia katika zile siku kumi na tano za marehemu. Ni siku za kuwapikia wafu na kuwawekea kunguru wali dirishani. Hakuna anayefunga ndoa, hakuna anayehamia nyumba, hakuna anayeweka sahihi yenye maana. Maduka ya dhahabu husinzia, na madalali huenda kwao kusalimia wazazi.

Mwalimu Keshav Pendse alikuja siku ya tatu ya siku hizo. Alikuwa mwalimu wa hisabati aliyestaafu, akaenda kukaa Pune kwa binti yake. Aliketi kwenye kiti kile kile anachoketi kila mwaka, akanywa chai yake bila sukari, akamuuliza Indirabai hali ya magoti. Kisha akaweka kikombe chini.

"Bibi Vatsala, nataka kuiuza hii fleti. Nimeona nianze na wewe."

"Kiasi gani, Mwalimu?"

"Laki ishirini na saba."

Fleti ya juu yao, pacha wa hii, ilikuwa imeuzwa mwezi wa sita kwa laki thelathini na tatu.

"Na za mkononi ngapi?" aliuliza.

Mahali pale kila nyumba ina bei mbili: ya kwenye hati, ambayo serikali inaiona, na ya kwenye mfuko wa plastiki, ambayo anaiona muuzaji peke yake. Hata watu wanaofunga kila Jumatatu huuza hivyo, na hawaoni haya kuliita jambo hilo desturi.

"Za mkononi hakuna," alisema Mwalimu. "Zote kwa hundi, zote kwenye hati."

"Zote?"

"Zote. Una mpaka sikukuu ya Dasara. Ikipita Dasara nitamwachia Tawde, katibu wa jengo, aitangaze."

Alipoondoka, Indirabai aliruka kutoka kitandani kama mtu asiye na magoti.

"Unangoja nini? Mkimbilie ngazini!"

"Mama, umesikia bei?"

"Nimesikia. Masikio yangu mazima."

"Na umesikia ni siku gani leo? Mtu anayeoga kabla ya kugusa jiko lake anakuja kuuza nyumba siku za marehemu? Laki sita chini? Hataki hata rupia ya mkononi? Kuna kitu humu ndani, Mama."

"Humu ndani tuna miaka kumi na minne. Kilichomo ni sisi."

"Wewe hujui."

"Huyu mtu amekuibia nini tangu umjue?"

"Hakuna. Hicho ndicho kinachonitia wasiwasi."

"Basi mwombe akuibie kidogo," alisema Indirabai, akijirudisha kitandani polepole, "roho yako itulie."

Asubuhi iliyofuata Vatsala alilipeleka jambo lile kwenye treni. Hemlata, wa ofisi ya bima, alikuwa anachambua majani ya uwatu kwenye mfuko aliouweka mapajani. Jyotsna, mshonaji, alikuwa amesimama juu yao, zamu yake ya kukaa ilianzia Thane. Waliposikia bei, mikono ya Hemlata ilisimama.

"Ishirini na saba? Shoga, hapo pana maiti chini ya sakafu."

"Na anauza siku hizi?" Jyotsna alisema. "Mimi siku hizi sinunui hata sindano."

"Labda Mwalimu haamini mambo hayo," alisema Hemlata.

"Mbrahmini wa Pune, mtu wa tabaka la makuhani! Anaamini mpaka mguu gani utangulie kushuka kitandani."

"Ndivyo nilivyosema na mimi," alisema Vatsala, na moyo wake ukapata raha fulani.

Raha hiyo si njema. Mwenye shaka akikuta wenzake wanashuka naye njia moja, anadhani ndiyo amefika kwenye ukweli, kumbe amepata tu wa kufuatana nao. Lakini Vatsala hakuliona hilo. Aliona macho ya wenzake yanavyomtazama kwa heshima, Mkaguzi ambaye hata mwalimu wa hisabati hawezi kumchezea.

Jioni, akipanda ngazi, alimkuta Sadanand Tawde amesimama karibu na swichi ya pampu ya maji. Tawde alikuwa katibu wa jengo kwa mwaka wa tisa. Alikuwa mtu wa sauti ya chini na masharubu yaliyotunzwa, na alikuwa na tabia ya kuzima na kuwasha pampu mwenyewe, ili watu wakumbuke maji yanatoka kwa nani.

"Dada Vatsala, nasikia Mwalimu alikuja."

"Alikuja."

"Mimi ni mtu mdogo. Sisemi kitu."

"Basi usiseme."

"Lakini mtu akiniuliza, siwezi kumdanganya jirani."

Vatsala alisimama, mguu mmoja ngazi ya juu. "Haya, nakuuliza."

Tawde alitazama juu, akatazama chini. "Unaujua mstari wa buluu?"

Aliujua. Baada ya mafuriko makubwa, serikali ilichora kwenye ramani mstari wa mahali mto unapofika. Jengo lililomo ndani ya mstari halipewi kibali cha kujengwa upya likichakaa, na benki huliogopa.

"Jengo letu limo?"

"Sikusema limo. Ninachosema ni hiki: jiulize, mtu wa hisabati anaachaje laki sita? Na kwa nini anang'ang'ania hundi? Si uaminifu huo, dada. Anataka karatasi. Mambo yakiharibika, karatasi itasema ulinunua kwa hiari yako na yeye hana hatia." Akashusha sauti zaidi. "Ila usinitaje. Mimi na Mwalimu tunaheshimiana."

Vatsala alipanda ngazi zilizobaki. Kumbe machale yake hayakumdanganya! Maneno ya Tawde yalimwingia yote bila kizuizi, na sababu yake ilikuwa hii: Tawde hakuwa anauza kitu. Kwa miaka ishirini na mitatu Vatsala alikuwa amejifunza kumshuku anayeisifu nyumba. Hakuna aliyemfundisha kumshuku anayeiponda.

Siku za marehemu zikaisha. Zikaingia siku tisa za Navaratri, ambazo mwisho wake ni Dasara, na behewa la wanawake likaanza kubadilika rangi kila asubuhi kama ilivyo ada: siku moja wote wamevaa njano, siku ya pili wote kijivu, wanapiga picha, wanagawana vitafunio. Vatsala alivaa rangi za siku kama wengine, lakini hakucheka. Aliuliza huku na huko. Alimuuliza muuza maziwa kama Mwalimu Pendse ana kesi mahakamani. Alimuuliza mwenye duka la dawa kama amewahi kusikia Mwalimu anadaiwa. Alimuuliza hata mfua nguo. Hakuna aliyejua kitu, na kila asiyejua alimzidishia hofu, maana siri isiyojulikana na mtu lazima iwe kubwa. Usiku wa siku ya sita alimwambia mama yake kwamba kesho atampigia Mwalimu simu amwambie hapana.

Asubuhi Indirabai alimtazama anavyovaa sari ya kijani, rangi ya siku ya saba.

"Nyumba za watu unakwenda kuzigonga kwa mwavuli," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Sakafu unagonga. Ukuta unagonga. Mpaka mlango wa choo unagonga."

"Nachelewa treni, Mama."

"Na maneno ya Tawde uliyagonga?"

Vatsala alibaki na pini mdomoni. Kitu kilichomchoma hakikuwa Mwalimu wala Tawde. Kilikuwa kazi yake mwenyewe. Hajawahi kumkataza mtu nyumba kwa kusikia. Alikwenda, aligonga, alinusa, alipima kwa saa. Hii moja tu, nyumba yake mwenyewe, alikuwa anaikataa kwa maneno ya ngazini.

Hakupanda treni ya saa moja na dakika kumi na nne. Saa nne kamili alikuwa mbele ya meza ya karani wa ramani katika ofisi ya manispaa. Karani alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani, naye amevaa kijani.

"Gajanan Kripa?" alisema karani. "Tena?"

"Tena vipi?"

"Jengo hilo hilo liliulizwa mwezi wa saba." Alifungua ramani, akaweka kidole. "Hili hapa lenu. Mstari wa buluu huu hapa, ng'ambo ya barabara, ng'ambo ya shule. Mko nje kabisa, mama. Mto ukifika kwenu, ujue sisi wote tumeshakufa."

"Una hakika?"

"Mwenzako nilimpa barua yenye muhuri. Na wewe unataka nakala?" Akageuza kitabu cha kumbukumbu ili aone. "Aliyeichukua alitia sahihi hapa."

Vatsala hakuhitaji kusoma jina. Herufi ya kwanza ilikuwa na mkia mrefu kama wa mjusi. Alikuwa ameiona sahihi ile kila mwezi kwa miaka tisa, chini ya stakabadhi za mchango wa jengo.

"Aliitakia nini?" aliuliza polepole.

"Alisema shemeji yake anataka kununua fleti humo, na benki inadai barua. Kwani hajanunua?"

"Bado," alisema Vatsala.

Alitoka nje akasimama juani bila kufungua mwavuli. Hasira ilimpanda, na hasira ile ilikuwa ya haki, maana Tawde alimtilia mchanga kitumbua chake akijua kabisa anachofanya, na bado angesimama siku ya Dasara kumpa majani ya apta wanayopeana watu siku hiyo na kumtakia heri. Mtu wa namna hii haibi kwa mikono. Humwacha mwenzake ajiibie mwenyewe. Lakini chini ya hasira palikuwa na kitu kizito zaidi, na hicho hakikuwa cha Tawde. Muuza maziwa, mwenye duka la dawa, mfua nguo: wote aliwauliza yeye kwa mdomo wake.

Zilibaki siku tatu. Kesho yake alichukua treni ya Pune.

Binti wa Mwalimu alimfungulia mlango, akamkaribisha kwa adabu isiyo na joto. Mwalimu alikuwa kwenye baraza, anasoma gazeti kwa kioo cha kukuzia maandishi. Hakusimama.

"Karibu, Bibi Vatsala. Umekuja na mwavuli?"

Vatsala aliuficha nyuma ya kiti, kama mtoto. "Nimekuja kusema nainunua, Mwalimu. Kama bado."

"Tawde alinipigia simu," alisema mzee. "Akaniambia unauliza mji mzima kama mimi ni mwizi."

Pale angeweza kukana. Tawde ni mtu wa fitina, na kukana huko kungeaminika. Lakini Vatsala alikuwa na makosa mengi, uongo haukuwa mojawapo.

"Ni kweli," alisema. "Niliuliza."

"Na jibu ulilipata?"

"Nililipata, Mwalimu."

Mzee alikunja gazeti mara mbili, akalinganisha pembe zake. "Nilifundisha miaka thelathini na sita. Swali si dhambi. Ila ungeniuliza mimi, ningekuambia. Unajua kwa nini nilikuja siku za marehemu?"

"Hapana."

"Kwa sababu siku zile hakuna anayenunua hata kijiko. Tawde na shemeji yake walikuwa wananizonga tangu mwezi wa saba. Laki thelathini na moja, theluthi nzima ndani ya mfuko. Nikasema, siku za marehemu hao wawili watakaa kimya, maana wanaogopa wafu kuliko wanavyoogopa sheria. Ndizo siku kumi na tano Vatsala atafikiri bila mtu kumsukuma. Marehemu mke wangu angenisamehe. Yeye ndiye aliyekuchagua uwe mpangaji."

Vatsala alitazama vidole vyake.

"Na bei," Mwalimu aliendelea, kwa sauti ya mtu aliye mbele ya ubao, "bei hukuipigia hesabu? Karani wa hospitali ya umma, cheo chake, miaka minne kabla ya kustaafu. Akiba yake ya kazini, jumlisha mkopo wa mwisho ambao benki itampa. Inakuja laki ishirini na nane na kitu. Nikatoa ushuru wa stempu na gharama za hati. Nilidhani mtu wa kugonga vigae atagundua."

Binti yake alileta chai.

"Nisamehe, Mwalimu," alisema Vatsala.

"Fleti ni yako. Nilisema mpaka Dasara, na Dasara bado. Bei ni ile ile." Alichukua kikombe chake. "Ila ile karamu ya kuifungua nyumba, mama yako alishanialika kwenye simu. Mwambie sitakuja. Sina kinyongo. Lakini nitakapokuwa naketi pale, utakuwa unaitazama mikono yangu, na mimi nitakuwa najua unaitazama."

Vatsala alitaka kusema hatatazama. Hakusema, kwa sababu hakuwa na hakika.

Wiki mbili baada ya Dasara waliweka sahihi kwa msajili. Walipigwa picha, wakabonyeza vidole gumba kwenye mashine, kila mmoja benchi lake. Kwenye hati palikuwa na bei moja tu, na karani wa msajili aliisoma mara mbili akamtazama Mwalimu kama anayemtazama mgonjwa. Tawde alikuja jioni hiyo hiyo na kisanduku cha pedha, vile vitamu vya maziwa, meno yote nje.

"Hongera, dada! Si nilikwambia? Mimi nilisema tangu mwanzo, nyumba hii ina bahati."

"Uliichukua barua ya manispaa mwezi wa saba," alisema Vatsala. "Niletee kesho, ni mali ya jengo. Na kitamu mpelekee shemeji yako."

Akafunga mlango. Tangu siku ile maji ya pampu yalichelewa kufika ghorofa ya kwanza kila Jumanne, na Vatsala akaanza kuhudhuria mikutano yote ya jengo, na kuomba kuona stakabadhi.

Treni ya saa moja na dakika kumi na nne ilimpokea kwa makofi, kisha kwa maswali.

"Sasa tuambie sisi wenzio," alisema Hemlata, bamia na kisu mapajani. "Ilikuwa na nini?"

"Haina kitu."

"Acha hizo."

"Haina kitu, nawaambieni. Mwalimu alitaka tu niipate mimi."

Hemlata na Jyotsna walitazamana. Jyotsna akainama, akamnong'oneza kwa upole kabisa, kama anavyosema mtu na mgonjwa:

"Mkaguzi, tusifichane. Laki ishirini na saba, hundi tupu, siku za marehemu? Mtu hatoi kitu bure. Wewe ndiye uliyetufundisha."

"Labda wameelewana jambo," mwanamke wa dirishani alisema, si kwa sauti ya chini sana. "Mjane na mgane."

Behewa likacheka. Vatsala alifungua mdomo kuapa, akakumbuka ni mara ngapi yeye mwenyewe alimwambia dalali kwamba anayeapa ndiye wa kuogopwa. Akaufunga. Treni iliingia Ambernath, watu wakasukumana, na Jumapili ile hakuna aliyempitia kwenda kuona nyumba.

Kwa hiyo Jumapili alikuwa nyumbani. Indirabai alikuwa jikoni anapika puranpoli za karamu, chapati nyembamba zenye dengu tamu ndani, na harufu ya iliki imejaa nyumba. Vatsala alichukua mwavuli. Alianza mlangoni. Kwa miaka kumi na minne aligonga sakafu za mji mzima na hii ya kwake hajawahi, maana ilikuwa ya mtu mwingine. Sebule ilitoa sauti kavu. Chumba, kavu. Bafu, kavu. Akaingia jikoni, akagonga nyuma ya mtungi wa maji, na kigae kimoja, cha pembeni kabisa, kikalia kama kibuyu.

Akagonga tena. Kitupu. Vatsala akashusha pumzi ndefu kama mtu aliyetuliwa mzigo. Karibu acheke.

"Nimekipata!"

Indirabai hakugeuka kutoka kwenye jiko. "Umepata nini?"

"Kigae kitupu. Hiki hapa. Nilijua tu, Mama. Nilijua lazima kiwepo kitu."

"Cha nyuma ya mtungi?" Bibi kizee aligeuza chapati kwa vidole. "Mwalimu alituonyesha siku ile tunahamia. Akasema samahani, fundi alikosea hapo, msiweke kitu kizito. Kwa nini unadhani mtungi nimeuweka mbele yake, si juu yake?"

Vatsala alibaki ameinama, ncha ya mwavuli ikiwa bado kwenye kigae. Hakukumbuka. Siku ile, miaka kumi na minne nyuma, alikuwa sebuleni, anasoma mkataba kwa mara ya tatu.

"Lete ule mkebe wa bati," alisema Indirabai. "Na karatasi ya kufungia. Hizi sita ni za Pune."

Alileta mkebe. Alizipanga zile sita mwenyewe, akafunga karatasi, akafunga kamba, na akaandika anwani kwa herufi kubwa. Mama yake alipomwambia ampe jirani anayekwenda Pune kesho asubuhi azifikishe, Vatsala alivuta kamba kuona kama fundo limekaza, akimfikiria huyo jirani.

"Nitazipeleka mwenyewe," alisema.